Kinjeketile na Msitu Wake

Wanachuo wenzangu, hakuna kati yetu aliyepita sekondari ya Tanzania asilijue jina la Kinjeketile. Wengine tulikutana naye kwenye Historia, katika mada ya mapambano ya Waafrika dhidi ya ukoloni. Tulikariri sababu za Vita vya Majimaji: kodi, viboko, pamba, maakida. Tukazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, tukaziacha hapohapo ukumbini. Wengine tulimkuta kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, na huyo ni mhusika wa jukwaani aliyetungwa ili atufikirishe. Mimi nasoma Ualimu, na muda si mrefu nitasimama mbele ya darasa nimweleze mtoto wa kidato cha tatu mtu huyu alikuwa nani. Ndiyo maana nimeamua kuandika maisha yake kwa namna ambayo sijaiona kwenye madaftari yetu: kwa kuanza na msitu.

Natokea Likunja, wilaya ya Ruangwa, ambayo mpaka mwaka 1995 ilikuwa sehemu ya Nachingwea. Huku kwetu msitu si pambo. Kuni zinatoka huko, nguzo za nyumba zinatoka huko, dawa, asali, na ming'oko ya kuchimba njaa inapobana. Mtu aliyekulia Kusini akisoma habari za Kinjeketile anaona vitu ambavyo vitabu vinavipita harakaharaka.

Jina lake kamili ni Kinjeketile Ngwale. Aliishi Ngarambe, upande wa kusini wa mto Rufiji, karibu na vilima vya Umatumbi. Hakuacha barua wala picha. Tunayoyajua juu yake tumeyapata kwa wazee waliomwona, au waliosimuliwa na waliomwona, na kwa kumbukumbu za serikali ya Kijerumani iliyomnyonga. Alikuwa mganga, mtu wa familia, mkulima kama majirani zake. Kabla ya mwaka 1904 hakuna aliyemwita shujaa.

Sasa hebu tuangalie watu wa eneo lile walikuwa wakiishi vipi. Mabondeni walilima mpunga, na huko juu walilima mtama na mahindi. Shamba lilikuwa la kufyeka na kuchoma. Ukilima misimu michache, ardhi ikachoka, unahamia kipande kingine na kuliacha lile la kwanza lirudi kuwa pori. Huo haukuwa uvivu wala ujinga. Udongo wa kule hauna nguvu ya kuzaa mfululizo, na mapumziko ndiyo mbolea yake. Pembeni mwa shamba walijenga dungu, wakalala huko usiku kucha wakifukuza nguruwe pori, na mchana wakawafukuza ngedere na nyani. Aliyeacha dungu lake kwa wiki mbili alijua hana mavuno.

Msituni hawakutoa chakula tu, walitoa na fedha. Kwa miaka mingi kabla ya Wajerumani, bara la Kilwa na Lindi liliuza pwani sandarusi, mpira wa msituni unaogemwa kwenye mitambaazi, nta ya nyuki na pembe za ndovu. Boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji zilivuka bahari mpaka Uarabuni kujengea nyumba. Mtu wa Donde, Liwale au Umwera angeweza kuingia msituni na kapu, akatoka na mpira, akaupeleka sokoni akapata nguo na jembe bila kuajiriwa na yeyote. Tusipambe lakini. Biashara hiyo hiyo ilitembea njia moja na biashara ya watumwa, na ndovu wengi waliisha kwa ajili yake. Kusini haikuwa pepo. Ila msitu ulikuwa na wenyewe. Palikuwa na vichaka vya matambiko ambavyo havikuguswa, palikuwa na makaburi ya wazee, na palikuwa na wakuu wa koo waliojua nani afyeke wapi. Mganga kama Kinjeketile alikuwa sehemu ya utaratibu huo, kwa sababu mvua, mizimu, mabwawa ya mto na rutuba ya shamba vilihesabiwa kuwa jambo moja.

Utaratibu huo ulianza kuvunjwa kwa karatasi kabla haujavunjwa kwa bunduki. Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya dola. Fikiria hapo: shamba lililopumzishwa ili lipate nguvu, kwa macho ya mpimaji kutoka Berlin, ni pori lisilo na mtu. Mwaka 1896 zikaja kanuni za wanyamapori, na mtu aliyewinda tangu ujana wake akaambiwa anahitaji kibali cha kulipia. Mwaka 1898 mikoko ya delta ya Rufiji ikawekwa chini ya serikali. Mwaka huohuo kodi ya nyumba ilikuwa imeshaanza kukusanywa, rupia 3 kwa nyumba nyingi za vijijini. Mwaka 1904 ikaja sheria ya kulinda misitu, iliyompa gavana nguvu ya kutangaza msitu wowote kuwa hifadhi na kuzuia watu wasikae, wasilime wala wasichome moto ndani yake.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyechimba sana kumbukumbu za misitu za Wajerumani, ndiye aliyetuonyesha kwa kina kwamba vita vya 1905 vilizuka katika nchi ambayo msitu wake ulikuwa unafungwa. Sisemi kwamba msitu ndiyo sababu peke yake. Ninachosema ni kwamba ukiutoa msitu kwenye hadithi, sababu nyingine zote zinaning'inia hewani. Kodi iliuma zaidi kwa sababu njia za kupata fedha bila kuajiriwa zilikuwa zinazibwa moja baada ya nyingine.

Halafu ikaja pamba. Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, mashamba ya pamba ya pamoja yalifunguliwa katika wilaya za pwani na kusini. Mpango ulioandikwa ulisema kila mtu atafanya kazi siku 28 kwa mwaka, lakini kwa mikono ya maakida na majumbe siku hizo ziliongezeka, na kiboko kilikuwa karibu. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine waliona aibu kuyapokea. Kinachonishika mimi si malipo, ni kalenda. Pamba ilidai mikono wakati uleule ambao mtama ulidai mlinzi. Mwanamume akipelekwa kwenye shamba la serikali, dungu lake linabaki na mke na watoto, na mitego na nyavu za kuwindia nguruwe ndizo zilezile zilizopigwa marufuku. Nguruwe pori hawakusoma sheria. Walikula.

Katika hali hiyo ndipo Kinjeketile anatokea. Wazee walisimulia kwamba mwaka 1904 pepo anayeitwa Hongo alimpanda. Kinjeketile alilala kifudifudi, akaburutwa na nguvu isiyoonekana mpaka kwenye bwawa la mto. Ndugu zake walimshika miguu wakashindwa kumzuia. Akazama. Watu walimtafuta majini hawakumpata, wakabaki ukingoni wakilia. Kesho yake akatoka bwawani, nguo zake kavu, akaanza kusema mambo ambayo hakuwahi kuyasema. Unaweza kuamini au usiamini, mimi sikushurutishi. Ila angalia mahali lilipotokea: bwawa la mto, ndani ya msitu, katika mamlaka ambayo hakuna gavana aliyekuwa amepewa ufunguo wake. Hongo alihesabiwa kuwa chini ya Bokero, jina linalofanana na Kolelo wa milima ya Uluguru, ambaye watu walimwendea miaka mingi kuomba mvua na rutuba. Kwa hiyo Kinjeketile hakubuni dini mpya. Alizungumza lugha ambayo watu wa koo nyingi, toka Rufiji hadi Uluguru, walishaijua.

Ujumbe wake ulikuwa na mambo mawili. La kwanza, watu waungane. Wamatumbi, Wandengereko, Wangindo na wengine walikuwa na ugomvi wao wa siku nyingi, na yeye aliwataka wauweke chini. La pili, kwamba kuna dawa ya vita: maji ya mto yaliyochanganywa na punje za nafaka. Yalinyunyizwa mwilini, yakanywewa, au yakavaliwa shingoni kwenye kimwanzi kidogo. Aliyepata maji hayo, risasi ingemgeuka kuwa maji. Dawa ilikuwa na masharti, na ndani ya masharti hayo kulikuwa na nidhamu ya jeshi: kujizuia, kutii, kutopora ovyo.

Ngarambe ikageuka mahali pa hija. Watu walikuja makundi kwa makundi, kwa miguu, kutoka umbali wa siku kadhaa. Nyumba kubwa ilijengwa kwa ajili ya ibada, na wageni walipewa dawa, wakafundishwa kutembea kwa mistari na kushika silaha. Mbele ya watawala ilionekana kama watu wanamwendea mganga wao kuomba mavuno, na kweli walikuwa wanaomba mavuno. Habari yenyewe ilisafiri kwa mnong'ono wa siri ulioitwa njwiywila: mmoja anamwambia mmoja, yule anamwambia mwingine. Wanachuo tunaolalamika kwamba tangazo la mkutano halijafika kwenye kundi letu la simu tungejifunza kitu. Wale waliunganisha nusu ya nchi bila waya.

Jambo moja ambalo darasani hatulipi uzito: Kinjeketile aliwataka wasubiri. Aliwatuma wajumbe kusambaza maji, na agizo la kuanza lilipaswa kutoka Ngarambe, siku moja, watu wote wakiwa tayari. Alikuwa anajenga umoja kwanza. Lakini msimu wa kuvuna pamba haukumsubiri. Mwezi Julai 1905, kule Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu walichoka. Waliingia kwenye shamba la pamba la serikali wakang'oa mashina machache. Ilikuwa tangazo la vita, na kila mtu alilielewa. Ngoma zilipigwa, akida wa Kibata akashambuliwa, mji mdogo wa Samanga pale pwani ukachomwa.

Kinjeketile alikamatwa karibu mara tu baada ya hapo. Tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa Mohoro, kwenye boma la Rufiji, pamoja na msaidizi wake. Habari zilizobaki zinasema hakutetemeka. Aliwaambia waliomnyonga kwamba kumuua hakutasaidia, kwa sababu dawa ilikuwa imeshafika mbali. Kwa hilo alisema kweli. Yeye mwenyewe hakupigana hata pambano moja, hakuona boma likianguka, hakuona bunduki za mtombo zikifyeka watu. Maisha yake ya hadhara, toka bwawani hadi kitanzini, yalidumu kama mwaka mmoja tu.

Moto ulishuka kwetu mwezi uleule. Boma la Liwale lilitekwa na Wangindo. Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa wakiwa safarini kuelekea Peramiho. Wamwera wa bonde la Lukuledi wakaingia vitani, na misheni za Lukuledi na Nyangao zikachomwa kabla Agosti haijaisha. Ukitoka Likunja kwenda Nachingwea leo hutaona mnara wa mambo hayo njiani, lakini umepita katikati ya uwanja wa vita. Mwishoni mwa Agosti maelfu waliishambulia Mahenge wakaanguka mbele ya bunduki za mtombo. Septemba Wangoni wakajiunga. Kufikia mwaka 1907 ilikuwa imekwisha.

Na namna ilivyokwisha inarudi tena kwenye msitu. Wajerumani walipoona hawawezi kuwakamata watu waliojificha porini, walitumia njaa. Walichoma vijiji, wakachoma maghala, wakaharibu mashamba, wakazuia watu kupanda. Serikali yao ilikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye, akiwemo Gilbert Gwassa, wamefika 250,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi. Waliopona Kusini walipona kwa kula mizizi, matunda pori na majani. Yaani msitu uleule waliokatazwa ndio uliowalisha.

Kilichofuata ni kejeli kubwa. Nchi iliyokufa watu ilibaki tupu, pori likarudi, mbung'o wakarudi, ndovu wakarudi. Mtawala akaitazama akasema ni pori asilia. Hifadhi za misitu ziliendelea kutangazwa mpaka Wajerumani walipoondoka. Waingereza walitangaza Hifadhi ya Selous mwaka 1922, wakaipanua, na katika miaka ya 1940 wakawahamisha watu wa maeneo ya Liwale kwa sababu ya ugonjwa wa malale, ardhi yao ikaingizwa hifadhini. Mwaka 1982 Selous ikawa Urithi wa Dunia. Watalii wanaopiga picha huko wanaambiwa ni nyika ambayo haijaguswa na binadamu. Imeguswa. Chini ya ile miombo kuna vijiji.

Ili mtu asidhani ni Mjerumani tu aliyekuwa na kiburi cha kutawala ardhi bila kuuliza wenyeji, tukumbuke na karanga za Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake vitatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matingatinga yaling'oa msitu, ikajengwa reli na bandari ya Mtwara. Mvua, udongo na mizizi ya miti ya kwetu vilifanya kazi yake. Mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Mkulima yeyote wa Kimwera angeweza kuwaambia ukweli juu ya udongo ule. Hakuulizwa.

Basi, haya yote yanatuhusu nini sisi wa leo? Tuseme ukweli: leo anayefyeka msitu Likunja si Mjerumani wala Mwingereza. Ni sisi. Ni baba zetu, wajomba zetu, na sisi wenyewe wakati wa likizo. Ufuta unapenda shamba jipya. Mwaka wa kwanza na wa pili unazaa vizuri, baadaye ardhi inachoka, basi panga na kiberiti vinasogea mbele. Siku ya mnada wa ufuta kijiji kizima kinacheka. Daftari zangu, sare zangu na nauli yangu ya kuja chuo vilitoka kwenye gunia la ufuta, kwa hiyo simlaumu mkulima hata kidogo. Zamani alikuwa na nafasi ya kuliacha shamba lipumzike miaka mingi. Sasa watu ni wengi, na pori la kuhamia linakaribia kuisha. Wakati huohuo mninga, mkongo na mpingo vinaondoka usiku kwenye malori, na kijiji hakibaki na kitu zaidi ya alama za matairi.

Tofauti yetu na Kinjeketile ni moja, na ni kubwa. Yeye hakuwa na mlango wa kugonga. Hakukuwa na kikao ambacho Mmatumbi angesimama aseme sheria ya msitu ya 1904 inamuua kwa njaa. Alikuwa na bwawa na mnong'ono. Sisi tuna mlango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake kwenye ardhi yake, kuandaa mpango wa usimamizi, kutunga sheria ndogo, kuchagua kamati ya maliasili, kuvuna kwa kiasi na kubaki na mapato. Mwenye kauli ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, mwanamke kwa mwanamume. Na hili si jambo dogo la pembeni. Tanzania Bara ina takriban hekta milioni 48 za misitu, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi ya vijiji.

Na majirani zetu wameshaonyesha kwamba inawezekana. Kilwa, ndani ya nchi ileile ya Majimaji, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, wakaanza kuuza magogo ya mpingo kihalali kwa bei ambayo mlanguzi wa usiku hawezi kuwapa. Mpingo huo ndio unaotengeneza zumari na ala nyingine za muziki huko Ulaya. Liwale kuna msitu wa Angai, zaidi ya hekta 130,000, ambao vijiji vinavyouzunguka vilipigania miaka mingi uwe mikononi mwao. Na kinachonigusa kuliko vyote: Ngarambe yenyewe, kijiji cha Kinjeketile, pamoja na Tapika, imetenga eneo lake kuwa hifadhi ya wanyamapori ya jumuiya, ukingoni mwa iliyokuwa Selous. Miaka mia moja baada ya kunyongwa kwake, watu wake wamekaa kikao juu ya pori lao.

Sisemi mambo ni laini. Kamati nyingine zinakufa, vitabu vya mapato vinafichwa, viongozi wanakula njama na wafanyabiashara, mipaka inagombaniwa. Mkutano mkuu unaitishwa, wanakuja wazee 20 na watoto wanaopita. Sheria nzuri isiyotumika haina tofauti na maji ya Ngarambe: unaivaa shingoni ukijiamini, risasi ikija inapita. Hapo ndo somo la Kinjeketile linaponichoma. Alichopatia ni umoja. Kilichowaponza watu wake ni kuamini kwamba kinga ipo wakati haipo, na kuanza kabla umoja haujakamilika. Akija leo kijijini kwetu, nadhani asingegawa maji. Angeuliza muhtasari wa kikao kilichopita uko wapi.

Wanachuo wenzangu, nimalizie na habari ambayo sikuisikia mpaka nilipofika chuo. Mengi tunayoyajua kuhusu Kinjeketile yamefika kwetu kwa sababu ya wanafunzi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kilikuwa na mradi wa utafiti wa Majimaji. Wanafunzi walirudi makwao wakati wa likizo, wakakaa na wazee waliokuwa bado hai, wakaandika walichosimuliwa. Walikuwa na umri kama wetu, na daftari kama zetu. Wasingefanya vile, sauti ya Nandete na Ngarambe ingebaki kwenye majalada ya Wajerumani peke yake.

Likizo inakuja. Ukifika kwenu, hata kama ni kwa wiki mbili, nenda ofisi ya kijiji uulize maswali matatu: kijiji chetu kina msitu uliotengwa kisheria au hakina? Mpango wake wa usimamizi uko wapi? Mapato ya mwaka jana yalisomwa lini kwenye mkutano mkuu? Kisha nenda kwa bibi na babu, uandike majina ya miti, ya mizizi ya njaa, na ya vichaka visivyofyekwa. Mimi nitaanzia Likunja. Na nikija kupangiwa shule, popote pale, nitakapofika kwenye Majimaji nitaandika ubaoni sababu zote tulizokariri, halafu juu yake, kwa herufi kubwa, nitaongeza moja: MSITU.